Chumba cha Saba

…na mtoto je, unaye? mama mwenye nyumba alikuwa ameuliza hivyo tu, kama mtu anayeuliza iwapo mvua imeanza, huku akipangusa vumbi kwenye ukingo wa dirisha, ufunguo unaning'inia kidoleni, na yeye, mwanafunzi mgeni, wiki ya tatu tangu ashuke mji huu na sanduku lake moja, alijikuta anakodolea macho swichi ya taa badala ya kujibu, swichi nyeupe, mpya, skrubu moja haijakazwa, chumba kizuri Mungu wangu, kitanda, meza, maji ya bomba, dakika kumi kwa miguu hadi chuoni, chumba cha saba hiki kukiona na cha kwanza ambacho sura ya mwenyewe haikubadilika aliposikia lafudhi yake… "Mimi sichagui mtu kwa anakotoka," mama huyu alimwambia pale ngazini, "nachagua utulivu, mwanangu," utulivu, na mtoto wa miaka minne na utulivu wapi na wapi, yule binti yake anayeimba hata akiwa chooni, anayeamka kabla ya jogoo na kuhoji watu kama hakimu… sema huna, dada yake alimwambia juzi kwenye simu, dada aliyebaki na mtoto, "sema huna, wewe ingia ndani kwanza, mpaka aje huko ni miezi minne, mtaelewana mbele ya safari," na dada si mwongo, dada amechoka tu kumwonea huruma, na Ijumaa yule mwenzake wa darasani aliyempa godoro sakafuni anampokea mdogo wake, alisema kwa haya, huku akikunja shuka lililokwisha kukunjwa, "usinielewe vibaya," wala hakumwelewa vibaya, mgeni siku mbili ya tatu mpe jembe, naye amelala pale siku ishirini na hakuna aliyemtajia jembe… "linafungukia nje hili," mama mwenye nyumba alikuwa anasema, "ulisukume taratibu," akaitikia "ndiyo, mama," ndiyo ya dirisha, si ya mtoto, sina, neno fupi hilo, analijua, jana kwenye chumba cha sita mzee mwenye miwani alimuuliza swali hili hili naye akajibu "sina, baba," haraka, ulimi haukukwama popote, hadi akajishangaa, na chumba asipewe vilevile, kilishachukuliwa, halafu jioni mtoto akapiga simu, "mama, umeshapata chumba chetu?" chetu, alisema chetu, naye akasingizia mtandao, akakata, na mtandao ulikuwa safi, akakaa kwenye ngazi za nje kwa sababu alikuwa amemkana mtu ambaye bado hajui kufunga viatu… na akiingia humu kwa sina, atalala na hiyo sina kila siku, simu atapokea kwa kunong'ona, picha ataficha chini ya mto, na siku mtoto akifika na kibegi chake mgongoni atamwambia nini, pita polepole, wewe huku hujulikani? anyamazishwe mtoto kwa uongo ambao hakuusema? hapana, jamani, hilo hapana, heri mlango wa nane, heri wa tisa, heri arudi kuomba godoro hata kwa mtu asiyemjua, chumba atakosa, na kukosa chumba kunauma, lakini kule kwenye ngazi jana kulikuwa kunauma zaidi…

"Nilikuuliza, binti," mama mwenye nyumba alisema bila ukali, akigeuka kutoka dirishani, ufunguo ungali kidoleni.

"Ninaye, mama," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia, "wa kike, ana miaka minne, atakuja kukaa na mimi mwisho wa muhula, na nisikudanganye, huyo hanyamazi."