Abiria wa Kujazia

Kazi yangu ni kukaa ndani ya basi. Asubuhi nafika kituoni Kisenyi, nakaa dirishani kwenye basi la Malaba, mkoba mapajani, nakuwa abiria. Watu hawapandi basi tupu. Wakituona sisi sita tumetulia, wanaamini safari imeiva. Likikaribia kujaa tunashuka mmoja mmoja, wenye safari wanachukua viti, nasi tunahamia basi linalofuata. Haba na haba hujaza basi. Kwa hiyo mimi, Nanyama wa Kimilili, ng'ambo ya mpaka wa Malaba, naelekea kwetu mara nne kwa siku na sijawahi kuvuka geti.

Macho hayana pazia, basi yanazurura. Kuna fundi chini ya gari, naona ndala zake tu. Kichwani nimeshampa wake wawili, na mdogo ndiye mkorofi. Mama wa nyanya anapanga mafungu, iliyooza anaificha chini kabisa, uso wake mtakatifu. Sina haki ya kumcheka. Juzi mzee mmoja aliniuliza kwa heshima, "Nyabo, dada, hii basi iko karibu kutoka?" Nikamjibu bila kupepesa, "Iko karibu, mzee, kaa tu." Alikaa saa tatu.

Mwezi huu hata mawazo hayo hayanogi. Dereva wa lori aliniletea ujumbe: mama anaumwa sana, ananiita. Nilikwenda kwa Sulaimani, msimamizi wetu, kuomba kitambulisho changu. Anavishika vya wote, tusije tukanogewa na viti tukasafiri bure kweli. Na pale mpakani bila kitambulisho mimi si mtu, watanirudisha. "Wiki ijayo," akasema. Hiyo wiki ijayo imeshanipita mara tatu. Namchukia, Mungu anisamehe.

Leo Alhamisi basi lilijaa upesi. Wenzangu walikuwa wameshashuka, nimebaki mimi, mara akapanda Nakhisa, jirani yetu wa nyumbani anayeuza matunda soko la Nakasero. Alikuwa anahema, kitambaa cheusi kichwani. Aliponiona alinikumbatia.

"Asante Mungu! Nilikuwa nawaza nani atakuambia. Kumbe umesikia na umenitangulia kupanda. Mama anazikwa Jumamosi. Wanakungoja wewe tu."

Sikuwa nimesikia.

Kondakta Santo akanigusa bega. "Nanyama, toka. Hii kiti imepata mwenyewe."

"Mwenyewe ni huyu," Nakhisa akamkaripia. "Ni mtoto wa marehemu. Nitafutie mimi kiti ingine."

"Kiti ingine hakuna. Na huyu haendi, mama. Huyu ni wa kukaa tu."

Abiria wote wakageuka kunitazama. Nilimwomba Santo, mbele yao, akaniletee kitambulisho kwa Sulaimani. Akatazama chini. Sulaimani alikuwa amekwenda Mbale, ofisi imefungwa. Dereva akapiga honi.

"Nanyama," Nakhisa akauliza polepole, "nitawaambia nini nyumbani?"

Kiti kilikuwa kimoja, na kati yetu yeye ndiye aliyekuwa na kitambulisho mkobani. Nikasimama. Nikamketisha dirishani, nikamwekea mzigo wake miguuni.

"Waambie wasiningoje," nikasema. "Wamzike."

Kisha nikashuka, na basi likaondoka.