Imejengwa Bila Sauti

Mstari wa mwisho kwenye skrini ulikuwa wa kijani, na ulisema kazi imekamilika. Kichwa, kama walivyomwita kijana huyu, akaegemea kiti, akajifuta jasho la shingoni, akaandika sentensi ya majaribio, akabonyeza. Kompyuta ikamtazama. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, kana kwamba kitufe ni mlango na mwenye nyumba ni kiziwi. Kimya. Kosa halikuandikwa, onyo halikutokea, spika haikutoa hata mkwaruzo. Programu ilikuwa imepokea maneno yake yote kwa adabu, ikayamaliza, ikarudi kungoja mengine.

"Inakuja," alisema bila kugeuka. "Ipe nafasi kidogo tu."

Dada yake, aliyesimama nyuma yake akiwa amekwisha kuvaa gauni lake la kazini, hakujibu. Tangu madaktari walipomwondolea uvimbe kooni, na pamoja nao kila kilichokuwa kikimpa sauti, alijibu kwa kalamu kwenye ubao mweupe mdogo uliokaa chini ya kwapa lake mchana kutwa. Aliandika, kisha akamgonga ndugu yake begani kwa kona ya ubao.

*Ulisema hivyo jana.*

Alikuwa mwalimu wa kusoma, na mchana ule, watoto wakirudi madarasani, angesimama mbele yao kwa mara ya kwanza tangu alazwe. Mwalimu mkuu angeketi nyuma na kusikiliza. Akiridhika, darasa ni lake. Asiporidhika, lingepewa mwingine, naye angehamishiwa stoo ya vitabu, akabandike namba migongoni mwa vitabu mpaka astaafu.

Habari hiyo mwalimu mkuu alikuja kuisema mwenyewe, hapo sebuleni, huku akizungusha kikombe cha chai asichokinywa. Dada alimsikiliza, akaandika kwa herufi kubwa: *Mimi si mzigo wa kutafutiwa pembe.* Lakini ubao ulikuwa umeelekea upande wa Kichwa, na Kichwa, aliyezoea siku zile kuwa mdomo wa dada yake, dukani, hospitalini, hata kwa jirani, aliusoma kimyakimya, akatabasamu na kusema, "Anashukuru sana kwa kumfikiria, mwalimu." Dada alimtazama. Hakuandika kitu tena siku ile mpaka usiku ukaingia, na Kichwa alijiambia kwamba ni uchovu.

Kompyuta ilikuwa na msomaji wake tayari, programu ya kusoma maandishi kwa sauti, ila alisoma Kiswahili kama mgeni aliyeshuka ndegeni asubuhi hiyohiyo. Alikata maneno pasipokatika, akaliminya "ng'ombe" mpaka likawa kitu cha kufungulia kopo. Mama alipomsikia mara ya kwanza alicheka hadi akakaa chini, kisha akaona uso wa bintiye, akanyamaza. Mtandaoni, hata hivyo, kulikuwa na maktaba ya programu huria ya kusomea maandishi, kazi ya watu wa kujitolea wasiojuana, na miongoni mwao wapo waliokuwa wameinyosha lugha, silabi kwa silabi, ikasikika kama lugha ya watu. Toleo hilo jipya lilikuwa bado halijafungwa kwenye kifurushi cha kubofya na kusahau. Lilikuwepo kama msimbo chanzo tu, mamia ya faili za maagizo ambayo bado hayajageuzwa kuwa programu. Anayelitaka alijenge mwenyewe ndani ya mashine yake.

Kujenga ni kazi ambayo Kichwa aliipenda kwa majivuno. Mtaani walimpa jina hilo kwa sababu ya akili; nyumbani walilitumia kwa ugumu wa kichwa chenyewe. Alipenda ile mistari inayoporomoka katika dirisha jeusi, haraka kuliko jicho, nayo ilimfanya ajione kama dereva wa treni. Mistari hiyo hakuisoma. Nani anayeisoma? Mtu hutazama wa mwisho: ukiwa wa kijani, umefika, ukiwa mwekundu, umepotea. Sasa alikuwa amefika, na hakukuwa na stesheni.

Akapandisha sauti hadi juu kabisa. Akachomoa spika, akaichomeka tena. Akacheza wimbo, wimbo ukafoka hata Mama akachungulia kutoka jikoni.

"Kumbe inasema!"

"Huo ni wimbo, Mama."

"Basi mwache dada yako aende na wimbo. Hiyo mashine inachemsha nini tangu alfajiri? Maharage yangu yameiva mara mbili."

Akaijenga upya, vilevile, amri zilezile, kwa sababu hofu haina ubunifu. Feni ikavuma. Mistari ikaporomoka. Kijani. Akabonyeza. Kimya kilekile, laini, kisicho na mahali pa kukishika. Kosa lenye jina angeliweza. Angeliuliza, angelitafuta, angelitukana. Hili halikukiri hata kwamba lipo.

"Dada, sikiliza. Nitakuja nawe. Wewe utaandika ubaoni, mimi nitawasomea watoto. Hata mwalimu mkuu hatakataa, mimi nitamweleza vizuri…"

Alisikia kalamu ikilia ubaoni. Ililia kwa muda mrefu, kwa mkandamizo. Alipogeuka ubao ulikuwa mbele ya pua yake.

*Umenielezea kwa watu vya kutosha.*

Moto ulimpanda masikioni. Alitaka kusema kwamba amekesha kwa ajili yake, kwamba hakuna mwingine katika nyumba ile ambaye angeijua hata amri ya kwanza, kwamba alitegemea shukrani. Maneno yote yalikuwepo. Aliangalia uso wa dada yake, ambao haukuwa na hasira hata kidogo, ulikuwa umechoka tu, na kwa aibu akayameza yote.

Dada akavuta kiti, akaketi kando yake. Akafuta ubao kwa kiganja. *Soma.*

"Nisome nini?"

Kidole chake kilielekea kwenye dirisha jeusi, kikapanda, kikapanda, mpaka mwanzo kabisa.

"Hiyo haina maana, dada. Ni mashine inajikagua tu. Haisomwi hiyo."

Akagonga meza kwa fundo la kidole. Kichwa aliufahamu mlio huo. Ndivyo alivyomfundisha kusoma utotoni, mezani hapa hapa: kila mstari kwa sauti, bila kuruka, na anayebahatisha neno kwa kutazama herufi ya kwanza hurudi mwanzo. Akaanza, akitafsiri kadiri alivyokwenda.

"Natafuta kikusanyaji… kimepatikana. Natafuta hesabu… zimepatikana. Natafuta…" Akaharakisha. Meza ikagongwa. Akarudi nyuma. "Natafuta nyuzi za kazi, zimepatikana. Natafuta mfumo wa sauti…"

Akasogeza uso karibu na skrini. Meza ikagongwa.

"…haukupatikana," alisoma polepole. "Naendelea bila sauti."

Jikoni kijiko kilianguka. Kichwa alikuwa ameshika kipaji cha uso kwa mikono miwili. Mashine ilikuwa imemwambia. Ilimwambia mara mbili, kwa lugha nyoofu, kisha ikajenga kwa utiifu kile ilichoweza kujenga: msomaji aliyekamilika kila kiungo, asiye na mahali pa kutolea sauti. Faili za kuijengea sauti hazikuwemo katika kompyuta hii. Hakuwahi kuziweka.

Dada hakuuliza maana yake ni nini. Alitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama yeye.

"Inawezekana," alisema Kichwa. "Lakini lazima nifute jengo lote. Nikiacha hata kidogo, itakumbuka jibu la kwanza na haitauliza tena. Tutaanzia msingi. Labda isiwahi." Sauti yake ikapungua. "Nifute?"

Hakukumbuka mara ya mwisho alipomwuliza dada yake jambo na kungoja jibu. Dada akaitikia kwa kichwa.

Kichwa akafuta. Akapakua faili zile, mtandao ukisuasua kama mtu anayehesabu hatua. Safari hii alisoma kila mstari midomo ikicheza, na lilipotokea "mfumo wa sauti: umepatikana", wote wawili waliinama mbele kwa pamoja, vichwa vikagongana. Kisha ujenzi ukaanza na muda ukaisha.

Wakatoka hivyohivyo. Kichwa alibeba kompyuta wazi mikononi kama sinia la chai ya wageni, feni ikimpulizia joto kifuani. Mama alimfuata hadi getini akimkingia jua kwa kanga. "Usikimbie, utamwaga!" alipiga kelele. Barabarani watu waliwapisha. Betri ilishuka, asilimia ya kazi ikapanda, na yeye alizitazama zote mbili, akijikwaa kwenye mawe, akishikwa kiwiko na dada yake kila penye mtaro.

Ilimalizika kwenye korido ya shule, nje ya mlango wa darasa. Kichwa akapiga magoti sakafuni, akatoa amri ya kusakinisha, akamgeuzia dada yake kompyuta. Hakujaribu kwanza. Mwenyewe alishangaa.

Dada akachuchumaa, akaandika kwa vidole viwili. Sauti ikatoka, ya kike, kavu kidogo, yenye kila silabi mahali pake.

"Leo usinisemee."

Akainuka, akaipakata kompyuta, akaingia. Mlango ukafungwa.

Kichwa alibaki na ukuta. Kutoka ndani alisikia, "Hamjambo, watoto." Hawakuitikia. Kikohozi cha mwalimu mkuu. Kisha mtoto, kwa sauti ya wazi kabisa: "Mwalimu, hiyo ni redio?"

Kicheko kidogo kikaanza mbele. Alijua dada yake anaandika. Alijua vidole viwili vinakwenda pole kiasi gani, na jinsi kicheko kinavyokwenda mbio kutoka dawati hadi dawati. Jibu alikuwa nalo, zuri, tayari ulimini. Hatua moja tu, kufungua, kulisema. Kiganja chake kilikuwa kwenye kitasa. Chuma kilikuwa cha moto kwa jua. Kicheko kikakua. Akatoa mkono, akaubana kwapani.

"Wewe wa dirishani," ilisema sauti. "Kaa vizuri."

Kicheko kikakatika. Dawati moja likakwaruza sakafu, likifuatwa na jingine, na jingine, mpaka upande wote wa madirisha ukawa umenyooka, kana kwamba kila mmoja ameambiwa yeye.