Mfungwa Aliyenenepa Kila Jumanne

Kila Jumanne saa nane mchana, wazee wa Wembley hukutana katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba kutazama filamu. Huchagua kwa kuinua mikono, na kwa muda wa miezi mitatu mikono yote ilikuwa ikiinuka kwa filamu ile ile, ya familia ya Kichina iliyotawanywa na siasa. Wazee walisema inawaliza vizuri. Gurdial, mzaliwa wa Nakuru aliyestaafu udereva wa treni za chini ya ardhi, ndiye aliyeendesha mashine. Nishma wa Kingsbury alikuwa mtu wa chai. Bi Ummukulthum, Mzanzibari wa miaka sabini na miwili, alikaa safu ya mbele kwa ajili ya macho yake, na pia kwa sababu alipenda kuwa mbele.

Katika filamu hiyo, mpiga chapa aitwaye Dehua anakamatwa kwa kosa ambalo hata waliomkamata hawalijui sawasawa, na anapelekwa kaskazini kuchimba mifereji. Baada ya miaka minane anaachiwa na kurudi kwao kwa miguu, njaa imemmaliza, kila hatua kumi anapumzika. Anafika alasiri. Asubuhi ya siku hiyo lori limekuja na mtu mwenye orodha, limemchukua mkewe na binti yake, na jirani hakuna anayejua wamehamishiwa wapi. Dehua anaketi kizingitini, filamu inaisha. Hapo wazee hulia, kisha hunywa chai.

Jumanne ya tano Nishma alisema Dehua amenenepa.

Gurdial hakupenda mashine yake isingiziwe. Alitoa futi kamba mfukoni, akapanda kiti na kuipima picha upande hadi upande huku wafungwa wakichimba juu ya mgongo wake.

"Nimepima," alisema aliposhuka. "Skrini haina shida. Ni yeye."

Jumanne ya sita Bi Ummu aliliona kawa lake la kufunikia chakula. Lilikuwa juu ya meza ya kambini, nyuma ya mlinzi, kawa la ukili mwekundu na zambarau alilolisuka marehemu mama yake, lenye mstari mmoja uliokwenda upogo. Dehua alilifunua, akavuta sahani ya pilau, akaanza kula.

Kwa hiyo aliyekuwa akila si Zahra. Wiki kadhaa Bi Ummu alikuwa akirudi nyumbani Jumanne na kukuta sahani tupu, na alikuwa amemlaumu mjukuu wake bila huruma. Sahani ile ni ya Msabaha, kaka yake Bi Ummu. Mwaka wa Mapinduzi, Msabaha ana miaka kumi na tisa, watu watatu walikuja na gari wakamchukua akiwa ananawa mikono kwa chakula cha mchana. Mama yao akafunika sahani yake kwa kawa ili akirudi akute. Akafunika kesho yake, akafunika mpaka alipokufa. Bi Ummu akarithi kawa na kazi yake, akavuka navyo bahari. Barua alizoandika ofisi za serikali kumuulizia zilijibiwa kwa adabu, kwamba jina hilo halimo katika kumbukumbu. Magharibi ikiingia humfunulia Zahra, akala, maana chakula hakitupwi.

Basi Bi Ummu alikasirika. Alisimama pale safu ya mbele akanyoosha kidole.

"We bwana, hicho cha kaka yangu, ujue."

Dehua, mdomo umejaa, aliinamisha kichwa kidogo kwa heshima, akaendelea kula. Bi Ummu akaketi. Adabu anazo, alikiri moyoni.

Aliazimia kumkatia chakula, lakini filamu ilipofika njiani aliona jambo. Dehua hakupumzika kila hatua kumi tena. Alikwenda hatua hamsini, na kwao alifika adhuhuri badala ya alasiri.

Gurdial naye alikuwa ameliona, kwa kuwa dereva wa treni hawezi kuona mtu amechelewa asitazame saa.

"Akitembea hivi hawezi kufika kabla ya lori," alisema. "Lakini akila zaidi, anaweza."

"Basi atakula," alisema Bi Ummu. Alikuwa na miaka kumi na miwili Msabaha alipoondoka na njaa yake, na tangu hapo hakuwahi kutaka kitu kama alivyotaka mtu huyu akute mlango wake una watu.

Kuanzia hapo kila Jumanne asubuhi nyumba ya Bi Ummu ilikuwa na shughuli ya arusi. Gurdial alileta chapati za parota na choroko. Nishma alileta dhokla, vile vitumbua vya dengu vya kupikwa kwa mvuke, akadai mtu wa safari anahitaji kitu chepesi, wakabishana. Bi Ummu alipika pilau, na sahani zote zikabanana chini ya kawa moja. Zahra, aliyebaki nyumbani siku moja kushuhudia, alieleza kwa Kiingereza chake kwamba saa nane na robo kawa liliondoka na saa kumi lilirudi, na kwamba vyombo vilirudi vimeoshwa.

"Lori bado linamtangulia kwa saa moja na dakika ishirini," Gurdial alitangaza wiki ya tisa. Wiki ya kumi na moja zilibaki dakika tisa. Nishma akaongeza siagi.

Jumanne ya kumi na mbili Dehua alipiga hodi jua linachomoza. Mkewe alifungua akamtazama muda mrefu, kwa sababu alikuwa akimtarajia mtu mwembamba. Kisha akamshika mkono akamwingiza ndani. Dehua alitoa kawa kwenye furushi lake, akalifunua mezani, moshi ukapanda. Wakala wote watatu, binti akitenga karafuu pembeni. Lori liliposikika Gurdial alisimamisha saa yake: dakika kumi na nne.

Lori halikuchelewa. Mwenye orodha alishuka akasoma majina mawili, la Dehua halikuwamo. Dehua alimwomba aliongeze. Yule mtu alimwonyesha kwamba karatasi haina nafasi. Lori likaondoka na mama na binti, Dehua akaketi kizingitini, filamu ikaisha kama ilivyoisha siku zote, isipokuwa nyuma yake vyombo vilikuwa bado mezani.

Wazee walilia, halafu wakapiga makofi. "Walau wamekula pamoja," alisema Nishma, akamimina chai.

Bi Ummu alirudi nyumbani na furaha iliyomshangaza mwenyewe. Siku ya pili akampikia Msabaha kama kawaida, akamfunikia. Magharibi alipofunua, chakula kilikuwa vile vile. Zahra aliuliza mbona Babu Msabaha hali, na Dehua anakula.

"Sie hatukupigwa filamu, mwanangu," Bi Ummu alisema. "Chakula chake kitapitia wapi?"

Zahra alifikiri. Akaegemeza simu yake kwenye jagi la maji, akawasha kamera, akamwambia bibi yake asimulie, aanzie pale kaka yake alipokuwa ananawa mikono. Bi Ummu alijitengeneza mtandio.

"Lakini na lile gari ulitie," alisema. "Usipolitia, watu watadhani alipenda mwenyewe kutorudi."