Upande wa Kushoto wa Goli

Mdogo wangu Ivo alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi ishirini na saba, siku aliponipofua jicho.

Ilikuwa Agosti, mchana, uani kwa Mama, katika mji wetu wa Souto de Rei, mji wa viwanda vya nguo kule Minho, kaskazini mwa Ureno. Ligi ilikuwa likizo, lakini Ivo hakujua likizo. Klabu yetu ya Moleiros ilikuwa imemwahidi mkataba wake wa kwanza wa kulipwa Septemba ikifika, na kila siku alikuwa akininyanyua mezani nikamsimamie goli. Goli lenyewe lilikuwa mlango wa banda la kuku. Mimi nilikuwa kipa namba moja wa Moleiros kwa msimu wa sita. Kinyago changu cha chuma nilikuwa nimekivua kwa sababu ya joto.

"Kaka, moja ya mwisho."

"Ya mwisho umeshanipiga mara tatu."

"Hii ndiyo mama wa zote."

Alikuja akiteleza juu ya saruji kwa viatu vyake vya magurudumu, gongo mkononi. Mpira wetu wa magongo si wa kuchezea. Unaenea kiganjani, ni mgumu kama jiwe la mtoni, na ukitoka kwenye gongo la Ivo ulikuwa hausubiri mtu. Uligonga kizingiti cha mlango, ukanirudia usoni.

Nilipofumbua macho, Ivo alikuwa amepiga magoti mbele yangu, analia kwa sauti ya kitoto.

"Usimwambie mtu, kaka. Klabu wakisikia nimemuumiza kipa wao, mkataba wangu ndio basi."

Nikamwambia Mama nimeanguka kwenye ngazi. Uvimbe ulishuka baada ya wiki mbili, lakini upande wa kushoto dunia haikurudi. Palibaki ukungu wa kijivu. Daktari mmoja wa mji wa mbali, nisiyejulikana kwake, aliniambia pazia la ndani ya jicho limechanika na nimechelewa. Akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nauza vigae.

Kila mwanzo wa msimu wachezaji wote hupimwa. Kwenye chumba cha macho kuna ubao wa herufi. Ivo aliingia kabla yangu, akazisoma, akatoka akaninong'oneza mstari kwa mstari kwenye korido, nami nikazikariri kama sala. Daktari akaniziba jicho la kulia, nikamtajia zote mpaka zile ndogo za chini. Akanisifu.

Nikadaka hivyo misimu mitatu. Nilijifunza kusimama nusu hatua kushoto na kugeuza shingo kidogo, ili jicho zima lifagie goli lote. Gazeti la mkoa likaandika kwamba Valdemar wa Moleiros ana staili yake. Kocha wetu, Zeferino, mzee mwenye kikohozi cha sigara, akawafundisha makipa wadogo waige ile shingo yangu. Nilikuwa nikiwatazama wakijipinda, nataka kucheka, nashindwa.

Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyejua. Na huyo mtu alipanda. Msimu wa kwanza alifunga mabao ishirini, wa pili thelathini na moja, wa tatu ikaja klabu ya mji mkuu, Estrela do Tejo, ikamchukua. Siku ya kuondoka alinikumbatia mpaka mbavu zikalia.

"Yote haya ni yako, kaka," alisema. "Sitasahau."

Mwaka huohuo tukakutana nao kwenye nusu fainali ya Kombe. Moleiros ilikuwa haijafika hapo kwa miaka kumi na minane. Watu wetu walikodi mabasi tisa, wakaja na ngoma na mikate ya mahindi, na ukumbi mzima ukawa wa kijani, rangi yetu. Ivo alipoingia kupasha misuli, walimzomea.

"Msaliti! Rudi kwa mama yako ukanawe!"

Mama alikuwa ameketi katikati yao, skafu ya kijani shingoni, midomo ameibana.

Kipindi cha kwanza tuliongoza mawili kwa moja. Nilidaka vizuri, pengine kuliko siku zote za maisha yangu. Kapteni wetu, Gaspar, beki mwenye mikono kama koleo, alinipiga kofi kwenye kinyago tukienda mapumziko: "Valdo, leo umekula nini? Kesho nipikie na mimi!"

Tuliporudi, nikaona Ivo amesimama na kocha wao kwenye ubao unaozunguka uwanja. Kocha anauliza jambo, Ivo ameinamisha kichwa. Kisha akatikisa, ndiyo.

Dakika ya tatu, mpira ulitoka nyuma ya goli langu, ambako kwetu huchezwa pia, ukapitishwa upande wa mkono wangu wa kushoto, chini. Nilisikia tu watu wakipiga kelele. Dakika ya saba, tena huko. Dakika ya kumi na moja, mtu wao aliyekuwa wazi kabisa upande wa kulia aliacha kupiga, akazunguka goli zima ili apige kushoto. Hapo ndipo nilipoelewa. Mchezaji hafanyi vile ila ametumwa.

Gaspar akaja mbio, jasho linamtiririka.

"Wote wanakupiga kushoto! Sogea basi!"

"Nikisogea zaidi, kulia kutabaki wazi."

"Kwani una nini wewe? Huo wa mwisho ulipita mbele ya pua yako!"

Tulikuwa tumeshafungwa manne kwa mawili, na Ivo mwenyewe alikuwa hajapiga hata mmoja. Alikuwa akipokea, akiwapa wenzake, akipokea, akiwapa. Nikasema moyoni, walau hilo. Walau mkono wake haumo.

Dakika mbili kabla ya mwisho tukafanya faulo ya kumi. Kwa sheria zetu, faulo ya kumi ni pigo la moja kwa moja: mchezaji mmoja, mpira, na kipa, basi. Mpigaji wao alikuwa Ivo.

Alisimama na mpira mbele ya gongo. Nilimtazama kwa jicho langu lililobaki, naye akanitazama. Nilimwambia, bila sauti, midomo tu nyuma ya vyuma: kulia. Sijui kama aliona. Alikuja taratibu, akainua bega kana kwamba atapiga kulia, nami nikamwamini, nikaenda kulia mzima-mzima.

Akapiga kushoto.

Hakushangilia. Aligeuka akarudi nusu yao kichwa chini, na mtangazaji wa redio, nilisikia baadaye, akasema kijana ana heshima, hafurahii kumfunga kaka yake.

Kwenye chumba chetu cha kubadilishia nguo hakuna aliyevua hata kiatu. Zeferino aliingia, akafunga mlango, akanijia akasimama ubavuni kwangu, upande wa kushoto.

"Angalia mbele, mwanangu. Usigeuke. Nimenyoosha vidole vingapi?"

Nikakaza jicho mlangoni.

"Valdemar. Vingapi?"

"Vitatu," nikasema, kwa kubahatisha.

Gaspar akaficha uso kwa taulo. Zeferino alikuwa hata hajainua mkono, ulikuwa mfukoni. Akakohoa kwa muda mrefu, kisha akasema, "Miaka mingapi umetuchezea hivi?"

"Mitatu."

"Na ukadaka yote yale." Sikujua kama ananisifu au ananilaani. Nadhani hata yeye hakujua.

Wiki ileile klabu ikanisimamisha. Waliandika kwenye barua kwamba niliwadanganya, na ilikuwa kweli. Ile mikono iliyonipigia makofi miaka tisa iliacha kunisalimu kwenye mkahawa wa stesheni. Mzee mmoja aliyekuwa akinilipia kahawa kila nikishinda alinyoosha fimbo yake akapapasa meza, akijifanya kipofu, na meza nzima ikacheka.

Ivo alikuja Jumapili. Mama alikuwa kanisani. Nilikuwa nakata kuni, naye akasimama mbali kidogo, kama mtu aliyefika kwenye nyumba yenye mbwa.

"Kaka."

"Sema."

"Niliogopa. Kila nikikuona golini nilikuwa naogopa mpira mwingine utakuua. Nikaona bora ujulikane, wakutoe."

Niliweka shoka chini. Nataka kusema kweli: kwa muda wa pumzi moja nilitaka kumwamini. Alikuwa amekonda, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Ulianza kuniogopea lini?"

"Siku zote."

"Basi mbona hukunipigia simu Ijumaa, kabla ya mechi? Mbona hukumwambia Zeferino? Tulikuwa tunaongoza, Ivo, ndipo ukaanza kuniogopea?"

Akazungusha funguo za gari kidoleni.

"Na kule kwenye ubao kocha wenu alikuuliza nini?"

"Aliniuliza... Aliniuliza tufanye nini tushinde."

"Nawe ukamwambia."

"Kaka, mimi ni mchezaji wa kulipwa."

"Hata mimi nilikuwa," nikamwambia, nikaokota shoka nikarudia kuni zangu.

Kisha nikasikia gari lake likiwaka. Walichukua Kombe lile, na msimu uliofuata ubingwa, na yeye akaitwa timu ya taifa. Siku hizi anavaa kitambaa cha unahodha.

Mimi sasa nauza vigae kweli, kwenye ghala la njia ya Braga. Mama, asiyetaka kuchagua, amegawa Krismasi: mkesha, wenye samaki wa chumvi na viazi, ni wangu, na mchana wa sikukuu, wenye mbuzi wa kuoka, ni wa Ivo. Hatukutani hata mlangoni.

Mwaka jana alipata binti. Alinipigia simu, mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, akaomba niwe baba wa ubatizo.

"Sina mwingine, kaka," alisema.

Nilimwambia nitafikiri. Jumapili ya ubatizo nilivaa suti, nikafunga tai, nikakaa jikoni mpaka kengele za adhuhuri zikaisha, kisha nikavua suti. Nafasi yangu ilishikwa na kipa wa Estrela do Tejo.

Mama alirudi jioni na kifuko cha lozi za sukari, zile zinazogawiwa kwenye ubatizo, kimefungwa utepe mweupe. Alikiweka mezani mbele yangu, akaenda kubadili viatu bila kuniuliza neno. Kisha nikampelekea jirani, ana wajukuu wengi.