Tangi la Bi Mvuke

Kabla hajaitwa Bi Mvuke alikuwa dobi kama madobi wengine, mikono imechubuka kwa sabuni na mgongo ukimuuma kila jioni. Alifua mashuka ya nyumba za wageni uani kwake, yeye na wasichana wawili aliowaajiri. Kufua hakukumsumbua. Kilichomkera ni pasi ya mkaa: shuka limetoka jeupe pe, cheche moja inaruka, kazi yote bure.

Basi akachora ukutani tangi la chuma juu ya moto, bomba, na pasi pana yenye matundu ya kupitishia mvuke. Akamwita fundi wa kuchomelea, rafiki wa mumewe.

"Shemeji, utaweza?"

Fundi alikodolea macho ule ukuta. "Kuweza nitaweza. Ila mvuke si mbuzi, hufungi kamba ukatulia. Lazima tuuachie mlango."

Mlango huo aliubuni mwanamke mwenyewe. Ulikuwa vali ya shaba juu ya tangi, yenye uzito wake. Mvuke ukizidi, unaiinua na kutoka kwa mlio mkali. Aliwafundisha wasichana wake: "Mkisikia inalia, furahini. Siku ikinyamaza na moto unawaka, tupeni kila kitu mkimbie."

Tangi likafanya kazi. Mashuka yaliyokuwa yanakula siku nzima yakawa yanaisha kabla ya adhuhuri. Mumewe, kinyozi mwenye maneno mengi, aliwaambia wateja wake, "Mimi nilioa mke, nimejikuta na treni." Jina la Bi Mvuke lilitokea hapo hapo kwenye kiti cha kinyozi.

Mama mkwe wake aliishi nao, chumba chake kikipakana na ua. Walipatana hao wawili mpaka majirani wakashangaa. Lakini bibi huyo alikuwa na kipandauso, na kikimshika hakutaka hata kusikia kijiko kikigonga kikombe.

Asubuhi moja alitoka amejishikilia kwenye mlango, kitambaa amekikaza kichwani, macho ameyafumba. Hakuwa amelala tangu juzi.

"Mwanangu, hiyo filimbi yako inanipasua kichwa."

"Pole, mama. Nizime moto?"

"Na mashuka ya watu?"

"Wanayataka mchana."

Bibi akaegemea ukuta. "Basi inyamazishe kidogo tu. Nipate hata lepe la usingizi."

Bi Mvuke alilitazama tangi, akamtazama mkwewe. "Rudi ukalale, mama."

Aliwatuma wasichana wakaanike upande wa mbele wa nyumba. Akachomoa kuni kadhaa, akakunja kitambaa kibichi juu ya vali na kukikaza kwa waya. Angeulinda moto yeye mwenyewe. Alilijua lile tangi kuliko mtu yeyote, na labda alidhani kulijua kunatosha.

Bibi akalala usingizi mzito, mtamu, ambao hakuwa ameupata kwa muda mrefu. Alipoamka, vumbi la dari lilikuwa mdomoni mwake na wasichana walikuwa wanapiga mayowe.

Hospitalini, Bi Mvuke alikuwa amefungwa bendeji mpaka shingoni. Mumewe alisimama upande mmoja, mama mkwe upande mwingine. Kesho yake asubuhi alifumbua macho.

"Mama, ulipata usingizi?"

"Nilipata, mwanangu."

"Afadhali."

Hakusema tena. Mchana wakamfunika.

Msibani maneno yalianza kunong'onwa, kisha yakasemwa waziwazi: fundi amechomelea ovyo, fundi ameua. Wenye mageti na madirisha yao wakaenda kuyachukua karakanani kwake. Kinyozi akawa anapishana naye njiani bila salamu. Fundi hakujitetea hata kwa neno moja.

Bibi aliyasikia yote hayo, na kila siku alijiambia atasema kesho. Wiki zikapita. Siku aliyoona karakana haina mteja hata mmoja, aliingia.

"Baba, uliliona tangi baada ya kupasuka?"

"Niliona, mama."

"Uliona nini?"

Fundi akaweka nyundo chini. "Waya. Vali ilikuwa imefungwa."

"Na umenyamaza muda wote huu?"

"Ningesema nini? Kwamba shemeji alibuni vali kwa akili yake, kisha akaifunga kwa mikono yake? Wangemwita mjinga. Mimi acha waniite fundi mbovu. Niko hai, nitavumilia."

Bibi akaketi juu ya kipande cha chuma. "Hakuwa mjinga. Mimi ndiye niliyemwomba."

Jioni hiyo alimweleza mwanawe. Kinyozi alikuwa anafuta mikasi yake. Akaendelea kufuta mkasi uleule.

"Ulijua litapasuka?"

"Sikujua, baba."

"Yeye alijua kwamba linaweza?"

"Alijua."

"Basi sina wa kumlaumu," alisema, lakini hakumtazama mama yake.

Kulipopambazuka alikwenda karakana, akamwomba radhi fundi. Tangu hapo kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake kilisimuliwa ukweli: mke wangu alifunga vali ili mama yangu alale. Kuna waliotikisa kichwa kwa huruma. Kuna waliosema kweli alikuwa mjinga, naye akawanyoa vizuri vilevile. Polepole fundi akaanza kupata kazi.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu. "Mama," alisema siku moja, "nenda kwa dada ukapumzike. Nitakuja kukuchukua." Bibi hakuuliza lini.

Msimu mzima ukapita. Kinyozi alipokuja, alikuwa amekonda, na mvi zimemwingia. Hakugusa chai aliyoandaliwa na dada yake.

"Siku ile nilitoka mapema," akasema. "Hata sikumuaga. Niambie asubuhi ile alikuwaje."

Mama yake akavuta pumzi. "Alikuwa anawacheka wasichana. Mmoja alikuwa amevaa kanga kinyume, maandishi ndani, naye akamwambia anaficha ujumbe wa mchumba. Alicheka mpaka akakaa chini."

Kinyozi aliinama, mabega yakimtikisika. Akataka aambiwe tena, na mama yake akarudia, safari hii akiongeza alichokuwa amekisahau. Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa kabisa. Ndipo alipomshika mkono.

"Jiandae, mama. Twende nyumbani."