Darasa Ndani ya Eda

Mimi sina ugomvi na eda. Mahfoudh alikuwa mume wangu, nilimpenda, na kumkalia eda ni haki yake. Ugomvi wangu ulikuwa na wifi yangu Mashavu, aliyehama Mkokotoni na mabunda yake kuja kukaa nami hapa Kiponda, eti nisiwe peke yangu. Nani alimwita? Kutwa kajiketisha ukumbini, karibu na mlango, kama komeo.

Kabla ya msiba nilikuwa nikisomesha Kifaransa kwenye chekechea ya mtaani kwetu. Watoto wa miaka mitano na vitabu vya picha, basi. Hawaandiki wala hawasomi. Wanatazama picha, mimi nasema, wao wanarudia. Darasa hilo nililipigania mwenyewe mpaka nikapewa, na baada ya Mahfoudh ndilo pekee lililonibakia. Kwa hivyo nilipoingia eda nikamwomba Bi Amne, mwalimu mkuu, aniletee watoto nyumbani. Akakubali shingo upande.

"Ntakuja kuwasikiliza," akasema. "Wazazi wanalalamika. Nikikuta hawajui kitu, darasa nampa Hamid."

Hamid huyo anatembeza watalii msitu wa Jozani. Kifaransa anakijua, sikatai, lakini kuwaonyesha watu wazima kima punju ni kazi nyingine kabisa.

Basi wakaja watoto sita, wakakaa mkekani, nikawafungulia kitabu cha paka anayetafuta samaki sokoni. Siku ya mwanzo paka akatumbukia ndani ya ndoo, watoto wakacheka, Mashavu akachungulia. "Jamani, nyumba ya msiba hii." Alisema mara moja tu, lakini likanikaa rohoni. Nikamchukia mpaka kikohozi chake. Dirisha limefungwa, mlangoni yupo yeye, na mimi na nguo zangu nyeupe nazunguka chumba kilekile. Paka wa kitabuni alikuwa akitembea kuliko mimi.

Alkhamisi Bi Amne akaja. Shikamoo, marahaba, akakaa kitini. Nikafungua ukurasa wa kwanza: paka ana njaa. "Le chat a faim," nikasema, na watoto wote wakarudia.

Bi Amne akainama mbele. "Wameshasema?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Mbona sijasikia?"

Wakarudia tena. Kila neno lilikuwa mahala pake, lakini walikuwa wakinong'ona. Damu ikanichemka. Nikamtolea macho Mashavu, maana ni nani mwengine aliyewatia hofu watoto wa watu?

"Usi," Bi Amne akamwita mtoto aliyekaa mbele.

"Naam," akaitika, sauti safi kabisa.

"Mbona Kifaransa unanong'ona?"

Usi akashangaa kuulizwa. "Mwalimu ndivyo anavyosema."

Mashavu akasema taratibu, bila ya ubaya wowote, "Wifi, tangu tumzike kaka wewe husikiki. Nikitaka kujua utakula nini mpaka nikusogelee."

Nilikuwa sijui. Wallahi nilikuwa sijui. Ndani ya kichwa changu nilikuwa nikigomba kutwa kucha.

"Hebu wasomee kwa sauti," Bi Amne akanambia. Alitaka kunisaidia, nilimwona. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo. Kilichotoka ni upepo. Na wale watoto, kwa jinsi nilivyowazoesha, wakaurudia upepo uleule.

Bi Amne akavikusanya vitabu vya skuli. "Sikulaumu, mwanangu. Maliza eda yako. Hamid ataanza Jumatatu." Akawatoa watoto, mlango ukafungwa.

Hawajafika mbali, Usi akapaza sauti: "Le chat a faim!" Wenzake wakadakia, ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa mwisho, kichochoro kizima kinavuma. Hakuna aliyekosea. Nikasikia viatu vya Bi Amne vinasimama.

"Kumbe mnajua," akacheka. "Basi Hamid mshamrahisishia kazi."

Nikakimbilia mlangoni. Kutoka siwezi, mkono wangu ukaganda juu ya komeo. Nikamwita Bi Amne, nimwambie ni mimi niliyewasomesha, asininyang'anye. Nikamwita tena, kwa nguvu zangu zote, mpaka machozi yakanitoka.

Mashavu alikuwa ameshakuja kusimama nami, bega kwa bega. Akanitegea sikio.

"Unasemaje, wifi?"