Jiwe la Mwezini Ladai Shikamoo

Jana usiku nimeota niko kazini kwa dada Nakijwa, tuliyemzika zamani. Kazi yake ilikuwa kupima kemia ya mawe ya Mwezini na ya sayari, ajue yana umri gani.

Maabara imejaa mawe. Yameketi kwenye viti vya plastiki kama wageni waliokuja kuposa, na yamenuna. Nakijwa ametulia kila mahali isipokuwa miguuni. Ananinong'oneza kwamba leo jiwe la Mwezini litasema, ila sharti liamkiwe, na humu ndani mdogo ndiye humwamkia mkubwa.

Nikaliamkia jiwe jekundu la Mirihi, kwa kuwa lilikaa mbele na lilikuwa na kitambi. Mawe yote yakaguna. Lenyewe likaniambia kwamba lilitapikwa na volkano juzijuzi tu, na kwamba nimeliaibisha mbele ya wakubwa zake.

Nikageuka kumtafuta dada, maabara ikawa Mwezini. Viti ni vilevile. Nikaruka kumwendea, nikachelewa kutua.

"Shikamoo dada," nikasema nikiwa bado juu.

Mashine yake ya kupimia ikakohoa. "Ngoja kwanza. Huyu umri wake ulisimama, wewe umeshampita. Yeye ndiye akuamkie."

Nakijwa hakubishana na kipimo maisha yake yote. Anainamisha kichwa, anafungua mdomo. Akiniamkia tu, sina tena dada mkubwa. Nataka kumziba mdomo, lakini miguu yangu haijafika chini.

Ndipo jiwe la Mwezini, jeusi, dogo kama andazi, likajisogeza kitini.

"Mashine, nani alikufundisha kazi? Mimi moto wangu ulizimika kitambo, sijafanya lolote tangu hapo. Mbona wenzangu hawa hawajanipita? Jiwe huhesabiwa tangu lilipoganda, na huyu tangu alipozaliwa."

Nakijwa akaruka mpaka nikaona nyayo zake. Limesema, hata kabla ya kuamkiwa! Mawe yote yakasimama, hata lile la kitambi. Namwamkia dada upya, kwa sauti.

"Marahaba, mdogo wangu," akaitikia kutoka huko juu. "Umeiona kazi yangu?"

Nikaamka. Mama, anayelala chumba cha pili, alikuwa amesimama mlangoni. Akaniuliza taratibu ni nani aliyeitikia marahaba.

"Nilikuwa naota, mama."

"Wewe, ndiyo," akasema. "Mimi nilikuwa macho."